Kikanda Hakilali Kwenye Friza

Mwanangu, vuta kiti, maana leo naungama. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimesifiwa kwa kikanda changu. Kwenye harusi, kwenye vilio, kwenye ubatizo wa watoto wa majirani, watu wameuma kipande, wakafumba macho, wakauliza nani alinifundisha. Nami nimejibu bila haya: "Hakuna. Nilijifundisha mwenyewe." Huo ni uongo. Na nyuma ya uongo huo kuna mwingine mkubwa zaidi, uliolala siku nne ndani ya friza.

Kama hukukulia huku kwetu Lubumbashi, nikueleze. Kikanda kinatokana na viazi vidogo vya porini, kila kimoja kama kidole gumba, vinavyochimbwa kwenye mabonde yenye unyevu, vikakaushwa na kutwangwa. Unga wake unasongwa pamoja na unga wa karanga, pilipili, chumvi na magadi kidogo, hadi ukaze. Kisha sufuria inafunikwa, na makaa ya moto yanawekwa juu ya mfuniko, ili chakula kipate moto wa chini na moto wa juu. Kikipoa unakikata vipande kama keki. Wageni husema kina ladha ya nyama. Sisi husema kina ladha ya nyumbani, na tunajua kwamba hilo si jibu.

Basi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimeolewa mwaka mmoja na nusu, na nilikuwa na digrii ya fasihi ambayo niliitaja hata pale ambapo hakuna aliyeuliza. Tasnifu yangu ilihusu ukweli katika hadithi za kale. Tafadhali usicheke mapema, utachoka.

Tuliishi kwa wazazi wa mume wangu, katika kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya shaba. Ilikuwa ile miaka nchi ilipokuwa ikiporomoka. Maduka ya katikati ya mji yalikuwa yameporwa mpaka rafu zikabebwa. Kampuni, ambayo iliwapa watu nyumba, shule, hospitali na gunia la unga kila mwezi, ilianza kupiga magoti. Kwanza unga ulikoma. Kisha king'ora cha asubuhi kikanyamaza. Mwishoni lile bomba refu la moshi, ambalo watu wote wa mji huu hulitazama kujua upepo unakotoka, likaacha kutoa moshi.

Baba mukwe wangu alikuwa kapita kwenye matanuri, msimamizi wa vijana wa moto, miaka thelathini. Moshi ulipokoma, alitoa kiti chake cha mbao nje, akakiweka mbele ya nyumba, uso ukielekea lile bomba. Kila asubuhi alivaa buti zake zilizosafishwa, akakaa, akatazama. Alikuwa akingoja moshi. Jioni aliingia ndani bila neno. Na aliacha kula. Bukari, ugali wetu, aliisukuma kando, samaki aliwasukuma kando. Kitu kimoja tu kilipita kooni mwake: kikanda cha mke wake.

Mume wangu hakuwepo kuona hayo kila siku. Shule aliyofundisha ilifungwa, akaenda Kasumbalesa, mpakani, kuwaandikia mawakala wa forodha makaratasi yao. Kutoka huko alinitumia, kwa madereva wa malori, masanduku ya chakula kilichopikwa tayari na kugandishwa: mikate yenye nyama ndani, vipande vya samaki vilivyovaa unga wa dhahabu, vyote vikiwa na picha nzuri juu ya sanduku. Niliyapenda masanduku yale kupita kiasi. Friza tulikuwa nayo, zawadi ya harusi kutoka kwa mjomba wangu, kubwa kama jeneza la mtu mnene. Mama mukwe aliitumia kama meza ya kuanikia sahani.

Siku moja habari ilikuja kwamba dada yake mama mukwe amefariki huko Kambove. Alifunga mzigo wake kwenda kwenye kilio, akaniita jikoni. Jina langu kwake lilikuwa moja tu, la ile digrii, ambayo huku tunaiita lisansi.

"Madamu Lisansi! Unga ya kikanda njo hii. Karanga njo hii. Baba anakulaka hii tu. Utapika mupya kila siku mbili. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Unajua kupika kikanda?"

"Najua, mama."

"Kweli?"

"Mama, mi nilisoma."

"Aa. Ulisoma." Aliitazama friza kama mtu anayemtazama mgeni asiyeaga. "Na hii sanduku yako ya baridi, usimupe baba bintu bya mule. Sikia. Mukanda ya suruali yake iko ku tundu ya tatu. Nikirudia nikute iko ku ya tatu. Ikifika ku ya ine, mi na weye tutaongea."

Aliondoka kwa wiki moja. Barabara, malori na nchi yenyewe viliamua iwe tano.

Kwa kweli sikujua kupika kikanda. Nilikuwa nimekila maisha yangu yote, na nilidhani kula sana ni aina ya elimu. Siku ya kwanza nilimpikia baba mkate wa nyama kutoka kwenye sanduku. Hapa lazima nikwambie jambo la kwetu: mke wa mtoto na baba mukwe wanaoneana haya. Tunaita buko. Humtazami usoni, hukai anapokula, humwingilii, hakuingilii. Mimi nilipiga goti, nikaweka sahani, nikageuza uso, nikaondoka. Kwa mwaka mmoja na nusu tulikuwa tumezungumza labda maneno arobaini, na zaidi ya nusu yalikuwa "asante".

Sahani ilirudi nzima. Kisu na uma vilikuwa vimepangwa sambamba, kwa heshima. Siku ya pili nilimpa wale samaki wa dhahabu. Sahani ilirudi nzima. Siku ya tatu nilipita nyuma ya kiti chake nikaiba macho kidogo. Mkanda ulikuwa umefika tundu la nne, na pembeni yake kulikuwa na tundu jipya, la tano, lililotobolewa kwa msumari. Alikuwa amejiandaa.

Nilikimbia sokoni, nikamkuta mama mmoja anayeuza kikanda, nikanunua sufuria yake nzima. Ningeweza kumwomba anifundishe, angefurahi. Lakini msomi hawezi kuuliza swali kama hilo mbele ya watu. Nilikuwa na wazo bora. Nilikikata vipande kumi na viwili, nikavifunga kimoja kimoja kwenye plastiki, nikavilaza katika friza. Kila siku nitatoa kimoja. Nilijipongeza sana. Niliona nimepatanisha mila na maendeleo. Nilianza hata kutunga kichwani makala ya gazeti kuhusu jambo hilo.

Kipande cha siku ile kilikuwa bado hakijaganda, akakila. Cha kesho yake alikila nusu. Siku ya nne tangu nivilaze katika friza nilitoa kipande kilichoganda vizuri kama tofali, nikakiacha juani kilainike. Kilipolainika, kilianza kutoa maji. Nilimwaga maji, yakaja mengine. Mwishowe nilibaki na kitu kinachofanana na sifongo ya kuoshea sakafu. Nilikikaanga kidogo, nikakipamba kwa nyanya, nikapiga goti.

"Baba, nimepika mwenyewe," nikasema.

Ndiyo, huo ndio ule uongo mkubwa.

Niligeuka kuondoka. Nyuma yangu nikasikia akitafuna, kisha akaacha kutafuna. Kisha sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nije nyumba ile, sauti ya mtu anayeuliza kwa udadisi halisi:

"Hii kikanda iligonjwa nini?"

Nilikimbilia jikoni nikafunga mlango. Nikasikia kiti kikiburuzwa. Kilitoka mbele ya nyumba, kikazunguka upande, polepole, miguu yake ikikwaruza zege, mpaka kikafika chini ya dirisha dogo la jiko. Baba mukwe alikaa, mgongo ukielekea ukuta, na mimi niko upande wa pili wa ukuta huohuo.

"Ukuta," akasema.

Nilizitazama kuta zote nne.

"Weye ukuta. Ukuta ya hii nyumba haisikiake?"

"Inasikia, baba," nikasema kwa sauti ndogo sana.

"Muzuri. Mi siongee na muntu. Naongea na ukuta. Ukuta, ile kintu mu sanduku ya baridi, tosha yote. Pesha bata ya jirani."

Nilikitoa chote, nikawapa bata. Walikizunguka mara mbili, wakaenda zao.

"Sasa washa mbabula," akasema baba. Mbabula ndilo jiko letu la makaa. "Kaanga karanga. Usitoshe maganda."

"Lakini mama anatoshaka maganda, baba."

"Mama hakukaaka mu nyumba ya bachela. Sisi tulifika hapa vijana sita mu chumba moja, kila mutu na zamu yake ya kupika. Nani atamenya karanga? Acha maganda. Kaanga mpaka ukiogopa itaungua. Ukianza kuogopa, hesabu kumi, kisha tosha."

Ndivyo nilivyopata shule yangu ya pili, ambayo haikunipa digrii. Alinifundisha bila kunitazama hata mara moja, kwa masikio tu. Mtu aliyesikiliza matanuri miaka thelathini anasikia mengi. "Mwiko inapiga chini, ukuta, punguza moto." "Mukono inalala, zungusha!" "Sasa inaongea nene. Funika."

Nilifunika. Nikamwaga makaa juu ya mfuniko kwa koleo, kama mtu anayezika. Pua yake iliingia dirishani kabla ya sauti yake.

"Ukuta, unaua mutu, inaungua. Toka inje kidogo, uende kuangalia fensi."

Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikasimama naitazama fensi. Yeye akaingia kwa mlango wa mbele. Nikasikia makaa yakisogezwa, moja moja. Kisha akatoka na kukohoa mara mbili, ndiyo ishara kwamba njia ni nyeupe. Nilirudi nikakuta makaa yamepangwa duara kwenye ukingo wa mfuniko, kama shanga kwenye shingo, na katikati hakuna kitu. Kikanda kilitoka cheusi kidogo, kikali kidogo, kimekaza. Alikula vipande vitatu. Nilivihesabu kwa kusikia kisu.

Baada ya hapo, kila siku mbili, kiti kilingoja chini ya dirisha. Jirani mmoja alisimama kwenye fensi akicheka.

"Kapita! Sasa unaongeaka na ukuta? Kampuni ilibeba hata akili yako?"

"Ukuta yangu inajibuka," baba akamwambia. "Bibi yako anakujibuka?"

Jirani aliondoka. Mimi, ukuta, niliuma kitambaa nisicheke.

Wiki ya tano lori lilimshusha mama mukwe mbele ya mlango. Kabla ya salamu alitazama mkanda. Tundu la pili. Aliingia jikoni, akakata kipande cha kikanda kilichokuwa kwenye sahani, akatafuna muda mrefu kuliko kilivyohitaji kutafunwa.

"Nani alipika?"

"Mimi, mama."

"Nani alikufundisha?"

Nje ya dirisha kiti kilinyamaza kabisa. Fikiria, mwanangu. Ningesema ni baba, ningekuwa nimemtangaza: kapita mzima, ameingia jikoni kwa mke wa mwanawe, amevunja buko, anaongea na matofali. Majirani wangelikula hilo mwaka mzima. Nami ningekuwa mwanamke aliyemtuma baba mukwe wake kupanga makaa.

"Hakuna, mama. Nilijifundisha mwenyewe."

"Aa," akasema. "Ulisoma." Na akakata kipande cha pili.

Tangu siku hiyo nimeushikilia uongo huo kama watu wanavyoshikilia hati ya nyumba. Baba mukwe aliishi miaka mingi, akanenepa, akafika tundu la kwanza, akanunua mkanda mpya. Moshi ulirudi, ukakoma, ukarudi tena. Sikumbuki kama aliutazama. Alipotuacha, wote tulimlilia, na mimi nikamlilia zaidi kidogo, upande wa jikoni. Hatukuwahi kuzungumza uso kwa uso kuhusu kikanda. Ukuta ulitosha.

Sasa tufike mwaka huu. Binti yangu Mujinga, na hilo ni jina la kwetu, si tusi, anafanya kazi katika ofisi ya katikati ya mji, ana watoto wawili wadogo, na friza yake imejaa masanduku yenye picha nzuri. Simlaumu, na wewe usimlaumu mtu kama yeye. Kuna siku mwili umechoka na watoto wanalia, na sanduku lile ni rehema. Lakini juzi nilimpa kikanda kizima, akasema, "Asante mama, nitakigandisha nile wiki nzima." Nilipiga kelele mpaka mjukuu akaangusha kijiko.

"Usithubutu!"

"Kwa nini? Umejuaje kama kinaharibika?"

"Nilisoma mahali," nikasema. Umri wangu huu, na bado.

Mujinga akalisimulia jambo hilo kwa bibi yake, akicheka. Na bibi yake akachukua simu.

Lakini kabla sijakwambia habari ya simu hiyo, pokea nasaha yangu, kwa sababu baada yake sikubaki na la kuongeza. Chakula cha sanduku si dhambi. Kinajaza tumbo, na tumbo lililojaa ni jambo jema. Kasoro yake ni kwamba hakimhitaji mtu. Hakiulizi, hakingoji, hakinuki mpaka uani, hakimpi mtu nafasi ya kusema "unaniunguzia". Nilimletea baba mukwe wangu chakula kisichomhitaji, wakati yeye alikuwa anakufa kwa kutohitajika. Kikanda changu kibovu kilimponya kwa sababu kilikuwa na shida, na yeye alikuwa na jawabu. Kwa hiyo, mwanangu, ukimwona mtu wa nyumbani kwako amekaa anatazama kitu ambacho hakitarudi, usimpelekee sahani iliyokamilika. Washa moto karibu naye. Pika kile anachokijua kuliko wewe. Kosea kidogo, na uwe tayari kusahihishwa. Na usijue kila kitu, hata kama umesoma. Hasa kama umesoma.

Na aliyekufundisha, mtaje angali hai. Hilo mimi sikulifanya.

Simu ilipolia nilikuwa namenya vitunguu. Mama mukwe sasa anaishi Likasi kwa mwanawe mdogo. Ni mzee sana, na huongea kwa simu kana kwamba simu haipo na anataka nimsikie kutoka Likasi kwa sauti yake tu.

"Madamu Lisansi!"

"Jambo, mama."

"Mujinga ananiambia ulisoma mu kitabu kama kikanda hailalake mu friza. Ni kitabu gani?"

Nilimenya kitunguu kingine.

"Kitabu gani, mwana? Naitaka. Nitatafuta muntu anisomee."

Niliweka kisu chini. Macho yalikuwa yanatoka machozi, na nilikuwa na kitunguu cha kusingizia.

"Mama, si kitabu. Miye niligandisha kikanda. Ile mwaka ulienda Kambove. Nilinunua ya soko, nikaigandisha, nikamupa baba, nikasema nilipika."

"Na ile nilikula siku nilirudia?"

"Ile nilipika kweli. Lakini ni baba njo alinifundisha. Kwa ukuta. Na makala ya moto, aliipangaka yeye."

Nilisikia redio ikiimba nyuma yake, na kuku. Kisha kicheko kilichoanza chini kabisa kikapanda mpaka kikawa kikohozi.

"Yo! Mama yangu! Miaka yote hii nangoja mutu moja kati yenu aseme!"

"Ulijua, mama?"

"Maganda ya karanga! Nani mwengine anaachaka maganda? Sikia. Wakati nilizala mwana wa kwanza, nilikuwa siwezi kusimama. Huyu muzee alifunga mulango batu basimuone, akanipikia kikanda na maganda yake. Kisha walimufanya kapita, hakugusaka tena mwiko. Siku nilirudia kutoka Kambove, nikauma ile ya kwako, nikasema mu roho: eko, amerudia."

"Mbona hukusema kitu?"

"Ningesema nini? Buko ni buko. Nilikata kipande ya pili, njo ilikuwa jibu yangu." Akavuta pumzi. "Na kiti, mwana. Miye nilienda Kambove, kiti inaangalia shemine, ile bomba ya moshi. Nikarudia, kiti iko ku ukuta ya jikoni. Haikurudiaka kule mbele. Mpaka tulimuzika, haikurudiaka. Unafikiri sina macho?"

Nilifuta macho kwa kiganja. Yeye aliendelea.

"Mungu akupe moto ya chini na moto ya juu," akasema, taratibu sasa, sauti ya kawaida, kama aliye upande wa pili wa ukuta. "Weye na batoto bako, na bote batakula ku mukono yako. Isizime hapa, isizime pale. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Siku ukikuja Likasi, ulete. Na maganda!"

Akakata simu bila kuaga, kama kawaida yake. Baraka ile ni kubwa, mwanangu, siwezi kuimaliza peke yangu. Kata kipande chako.